KRA Wamekuandikia na Huna Hela ya Wakili? Anzia Hapa

Muuza mitumba wa Kongowea, kuli wa Changamwe, mwenye bodaboda wa Likoni: siku hizi notisi ya ushuru humfikia yeyote. Mara nyingi huingia kwenye barua pepe aliyoifungua kijana wa saiba, na mwenyewe huja kuiona deni limeshalimbikiza riba. Msaada wa bure upo, lakini haupatikani pale ambapo wengi hukimbilia kwanza.

1. Tazama tarehe kabla ya kutazama pesa.
Ukiletewa makadirio ya ushuru usiyoyakubali, una siku 30 za kuyapinga. Pingamizi huwekwa kwenye iTax, na kuliweka hakugharimu hata shilingi. Taja hasa unachokataa na sababu yake, ambatisha ushahidi, na sehemu ambayo kweli unadaiwa uilipe. Kama ulikuwa mgonjwa au nje ya nchi muda ukakupita, omba kuongezewa na utoe karatasi za hospitali au pasipoti. Hifadhi ile risiti ya kupokelewa: KRA nao wana siku 60 za kujibu pingamizi lililokamilika, na zikipita kimya, kisheria pingamizi lako huhesabiwa kuwa limekubaliwa.

2. Msaada wa kisheria wa serikali haushughulikii ushuru.
Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili, lakini mambo ya ushuru yametolewa humo waziwazi, pamoja na madai ya madeni na kesi za kuharibiana jina. Naona hili ni kosa, na wabunge wa Pwani wanafaa kuulizwa. Marekani, tangu sheria ya 1998, serikali husaidia kugharimia kliniki zinazowatetea walipa ushuru wa kipato cha chini. Kwetu mama wa kibandani anasimama peke yake mbele ya taasisi yenye mawakili wake.

Hata hivyo, usikate tamaa. Chama cha Mawakili wa Kenya huwa na wiki ya uhamasishaji wa kisheria kila mwaka, ambapo mawakili hutoa ushauri bure kwenye mahakama mbalimbali. Ulizia tarehe zake katika mahakama ya Mombasa, uende na notisi yako mkononi. Na kama kiini cha shida ni mwajiri aliyekukata PAYE kila mwezi bila kuipeleka, hilo ni jambo la kazi pia. Kituo Cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa, kimezoea kesi za wafanyakazi. Beba slipu za mshahara na fomu ya P9. Usipopewa P9, idai kwa maandishi.

3. Ivunje taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari.
Hapa ndipo kesi nyingi za wadogo hushindwa au kushinda, kwa sababu kisheria mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi ni wa mlipa ushuru. Tuseme umekadiriwa kwa kuangalia pesa zilizoingia kwenye simu. Chukua taarifa yako ya mwaka mzima kwa *334#, ichapishe, kisha keti na kalamu. Laki moja ya Machi ilikuwa zamu yako ya chama: andika pembeni, na umwombe katibu wa chama barua na nakala ya daftari. Elfu thelathini zilitoka kwa ndugu aliye Doha, za karo: ambatisha risiti ya shule. Mteja alirudishiwa pesa, mkopo uliingia, jirani alipitisha hela kwenye laini yako. Kila mstari uwe na jina na karatasi.

Faida yake ni kubwa. Ushuru wa mauzo wa asilimia 3 humhusu mwenye biashara inayoingiza zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Pesa za chama na za karo zikihesabiwa kama mauzo, mtu wa laki nane huvushwa mpaka huo bila haki.

4. Dawati la KRA halitozi.
Walio Likoni mnavuka feri kwa miguu bila nauli. Wa Kisauni na Changamwe ni matatu moja hadi kisiwani. Huduma Centre ya Mombasa ina dawati la KRA. Nenda asubuhi na kitambulisho, PIN na notisi. Madai mengine si mzozo hata kidogo, ni faini ya 2,000 ya ritani iliyochelewa, au ritani ya sufuri iliyojazwa na saiba ilhali umeajiriwa, na hiyo hurekebishika.

5. Omba usuluhishi.
Tangu 2015 KRA wana utaratibu wa kumaliza mizozo kwa mazungumzo, mbele ya msuluhishi, bila ada. Kwa mtu mdogo mwenye ushahidi mzuri, ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Angalizo moja: usiache muda wa rufaa ukupite huku ukisubiri mazungumzo.

6. Bure huishia kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru.
KRA wakikataa pingamizi lako, una siku 30 za kutoa notisi ya rufaa, kisha siku 14 za kuleta maelezo na stakabadhi. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Lakini ada ya kufungua ni shilingi 20,000, isiyorudishwa. Anayedaiwa 15,000 hawezi kupata haki hapo hata akishinda, na ndiyo maana nasisitiza pingamizi na usuluhishi vifanywe kwa bidii yote.

7. Anayejiita "mtu wa ndani" usimpe pesa.
Hakuna ada ya kufuta deni kupitia simu ya mtu. Fungua iTax leo, badilisha nywila, uweke barua pepe na namba yako mwenyewe, ili notisi ikija uione siku hiyohiyo.