Namna ya Kuifanya Darubini Ifuate Nyota Hapa Kibagabaga

Kila aliyepata kutazama sayari kwa darubini ya shule yetu aijua taabu yake. Mwalimu huitafuta Zohali, huipata, kisha humwita wa kwanza katika mstari. Huyo akiisha kuiona pete, wa pili huinama na kukuta giza tupu: Zohali imekwisha kwenda zake. Darubini hutengenezwa tena, na mstari husimama. Tukiwa wanafunzi arobaini, saa ya kulala hufika kabla nusu yetu hawajaona, na wanaokosa kila mara ni wale wadogo wa kidato cha kwanza, kwa kuwa wao husimama nyuma.

Muhula uliopita sisi watano wa kidato cha sita tuliitilia darubini hiyo mota ya kuizungusha. Nataka kueleza kazi yenyewe, maana vitabu vingi vya mambo haya vimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, na katika mambo matatu havitufai sisi tunaokaa karibu na Ikweta. Anayevifuata neno kwa neno hapa Kigali hafiki.

Kwa nini nyota hutoroka

Nyota haziendi mbio; ni dunia inayozunguka chini yetu. Huzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164. Siku ya jua ni sekunde 86,400, kwa sababu dunia husafiri pia kulizunguka jua, na yabidi igeuke kidogo zaidi ili jua lirudi mahali pake. Kwa nyota twatumia hesabu ile ya kwanza.

Basi mbingu hupita digrii 15 hivi kila saa. Darubini inayokuza mara 100 kwa kawaida huonyesha kipande cha mbingu chenye upana wa nusu digrii, sawa na upana wa mwezi. Sayari hukipita kipande hicho, toka ukingo hata ukingo, kwa dakika 2 tu.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1824 darubini kubwa ya Joseph von Fraunhofer, fundi wa Ujerumani, ilifika Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, katika nchi ya Estonia. Mhimili mmoja wa darubini hiyo ulilazwa sambamba na mhimili wa dunia, na mtambo wa saa ulioendeshwa kwa uzito ukauzungusha polepole. Dunia ikigeuka kwenda mashariki, darubini hugeuka kwenda magharibi kwa mwendo ule ule, na nyota huonekana imesimama. Mategemeo ya namna hiyo yanauzwa hata leo, na la shule yetu ni mojawapo.

Shida ya kwanza: mhimili uliolala

Mhimili wa tegemeo yapasa uinuke kutoka ardhini kwa digrii zile zile za latitudo ya mahali. Tartu ni digrii 58, na kwa hiyo mhimili wake umesimama sana. Kibagabaga iko karibu digrii 2 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo mhimili wetu hauna budi kulala karibu kabisa, ukielekea kusini. Lakini kipimo cha tegemeo letu kinaishia digrii 20, hakishuki zaidi. Tena mhimili ukilala, ule uzito wa kusawazisha hugonga miguu ya chini.

Tulifanya kabari ya mbao. Kutoka 20 mpaka 2 ni digrii 18. Kabari yenye urefu wa sentimita 20 yataka kimo cha sentimita 6.5 upande mmoja, na upande mwingine iishe kabisa. Upande mnene huwekwa kaskazini, ili kichwa cha tegemeo kiiname kuelekea kusini. Chini ya kabari tukaweka nguzo ya mbao ya sentimita 40, ili uzito upite bila kugonga. Mguu mmoja kati ya ile mitatu lazima uelekee kusini barabara, kwa kuwa mzigo wote umeinamia huko. Usipofanya hivyo darubini itaanguka.

Shida ya pili: kuipata kusini

Vitabu husema, "Elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini." Nyota hiyo hatuioni Kibagabaga usiku wowote wa mwaka, maana imo chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya mbingu iko juu ya upeo kwa digrii 2 tu, nayo imefichwa na vilima na taa za mji. Na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno.

Tulitumia jua na fimbo. Simamisha fimbo wima mahali tambarare, ukiipima kwa timazi. Chora duara, fimbo ikiwa katikati. Asubuhi kivuli ni kirefu, nacho hufupika. Ncha yake ikigusa duara, tia alama. Alasiri kivuli hurefuka tena. Ncha ikigusa duara mara ya pili, tia alama nyingine. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni mashariki na magharibi, na mstari unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini. Hapana haja ya dira wala ya saa. Tumeuchora mstari wetu kwa rangi juu ya saruji, ili asiye na mchana wa kupima aukute tayari.

Usiku huja masahihisho. Tazama nyota iliyo karibu na utosi, mota ikienda. Ikiteleza polepole kwenda kaskazini au kusini, mhimili haujaelekea kusini sawasawa: geuza tegemeo kidogo, utazame tena. Mwendo ukizidi, geuza upande wa pili. Kisha fanya hivyo kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki. Hiyo hukuambia kama mhimili umeinuka mno au umeshuka mno.

Shida ya tatu: upande wa kuzunguka

Mota zilizotengenezwa kwa watu wa kaskazini huuzungusha mhimili upande mmoja. Sisi wa kusini twataka upande wa pili, kwa kuwa mhimili wetu umeelekea ncha nyingine. Mota yetu ina koili mbili. Ukibadilishana nyaya mbili za koili moja, hugeuka kinyume. Lakini kata umeme kwanza: kuchomoa waya wa mota huku umeme unapita huweza kuiunguza bodi inayoiendesha.

Mota na hesabu yake

Mota hii haizunguki mfululizo kama ya feni; huenda kwa hatua, hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Yetu ilitoka katika printa mbovu, pamoja na ukanda wake wa meno. Bodi ndogo ya kuiendesha huigawa kila hatua mara 16. Bodi ya pili, Arduino, ambayo ilianza kutengenezwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ndiyo inayotoa amri, "Piga hatua," kwa wakati wake. Umeme ni wa betri ya pikipiki, volti 12.

Puli ya mota ina meno 16, na puli ya tegemeo meno 48. Yaani mota huzunguka mara 3 ili skrubu ya tegemeo izunguke mara 1. Skrubu nayo huzunguka mara 144 ili mhimili uzunguke mara 1. Basi:

200 × 16 × 3 × 144 = hatua 1,382,400.

Gawanya sekunde 86,164 kwa hatua hizo. Utapata sekunde 0.062329, ndio muda wa kungoja kati ya hatua na hatua. Kila hatua huigeuza darubini chini ya sehemu moja ya 3,600 ya digrii, na jicho haliwezi kuona mshtuko wowote.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Saa iliyo ndani ya bodi za bei ndogo huweza kukosa kwa sehemu 5 katika 1,000, kosa ambalo ni kubwa kuliko tofauti ya siku ya jua na siku ya nyota. Yafaa kuipima. Kwa hesabu yetu mota huzunguka mara 18 kwa dakika 59 na sekunde 50. Tia alama ya rangi kwenye puli ndogo, ukae na saa nzuri, uhesabu mizunguko. Mota ikichelewa, punguza ile namba ya kungoja katika programu, ikiwahi, iongeze. Kazi hii huchosha, lakini ndiyo inayotenganisha mchezo na kipimo.

Tulipomaliza, Zohali ilikaa ndani ya darubini nusu saa bila mtu kuigusa. Tangu hapo kidato cha kwanza hutazama kabla yetu, na kila mmoja huruhusiwa kuhesabu mpaka ishirini huku jicho liko kwenye kioo. Mwenye haraka haoni pete vizuri. Jicho lataka muda kuzoea.

Onyo

Mtu asilitazame jua kwa darubini, hata mara moja, hata kwa kupepesa. Jicho huharibika papo hapo, wala halina dawa. Kwa kazi ya mchana twatumia fimbo na kivuli tu, na darubini hubaki imefunikwa.

Zoezi

1. Tegemeo jingine lina skrubu ya mizunguko 130 badala ya 144. Hatua ni ngapi, na muda wa kungoja ni kiasi gani? (Jibu: hatua 1,248,000, sekunde 0.069042.)

2. Kampala iko kaskazini ya Ikweta kwa theluthi moja ya digrii. Mhimili utaelekea wapi, na mota itageuka upande gani? Fikiri kabla ya kumwuliza mwalimu.

Na ninyi mliotutangulia katika shule hii, mkiwa na printa mbovu ofisini, msizitupe. Ndani yake mna mota, ukanda na puli, na darubini yetu ya pili, ile ndogo, bado inageuzwa kwa mkono.