NAMNA KLIPU YA MUZIKI INATENGENEZWA



Korali yetu iko inakusanya feza kwa kufanya klipu, na wengi wanauliza feza hiyo itaenda wapi. Kwa hiyo somo la mara hii ni juu ya klipu.

Jambo la kwanza, na ndilo mama ya mengine yote: sauti inatangulia, picha inafuata. Wimbo unaimbwa katika studio. Siku ingine kabisa watu wanaenda kando ya ziwa na kamera. Pale wimbo unatoka katika bafle, na mwimbaji anaufuata kwa midomo tu. Wanaita vile pleibaki. Mutazame vizuri gitare ya umeme: mupigaji anacheza juu ya mchanga, na waya hakuna!

Sababu wimbo uko tayari, wanaupiga picha mara tatu, nne, kila mara fasi ingine na nguo ingine, kisha wanakata vipande na kuviunga. Ndiyo maana mwimbaji anaanza neno na shati nyekundu na kulimaliza na shati nyeupe, na hakuna mutu anayeshangaa. Mukasi unafuata ngoma. Kwa maneno ya polepole wanaleta uso karibu; sebene ikiingia kamera inarudi nyuma, maana kama miguu haionekani, kucheza ni bure. Na zile gari nzuri? Mara nyingi ni za kukodi.

Kuna ujanja mumoja unaotupendeza sana. Mwimbaji anatembea polepole sawa mutu katika ndoto, lakini midomo yake haiachane na wimbo. Pale kwa kamera waliupiga wimbo mbio, naye akaimba mbio. Kisha picha ikapunguzwa mwendo. Chris Martin wa Coldplay alisumbuka zaidi: kwa klipu ya "The Scientist", mwaka 2002, alijifunza kuimba maneno kinyumenyume, kwa kuwa picha yote inarudi nyuma.

Klipu za korali nazo ziko na desturi zake. Waimbaji wanakuja kwa mistari miwili, kitambaa kimoja. Mara bustani ya hoteli, mara ziwa. Solisti peke yake karibu na maji, mukono mbele. Ni vizuri, hatukatai. Lakini korali moja tunayoijua, jina tunaliacha, ilitoa karibu feza yote kwa kitambaa na kamera, na sauti ikachukuliwa kwa haraka magaribi moja. Tenori wanashuka toka ubeti wa pili. Maua ya hoteli hayakuwapandisha.

Mutasema: na Innoss'B wetu wa Goma? "Yope Remix" aliyofanya na Diamond Platnumz mwaka 2019 imetazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye YouTube. Ndiyo, lakini jina lenyewe linasema ni remix: wimbo ulikuwa tayari.

Mbele ya mukutano wa korali, mutafute klipu moja mbaki na telefone moja tu. Mufunike kioo na kitambaa, musikilize mupaka mwisho. Kisha mufunge sauti, mutazame. Muandike kwa karatasi mambo yaliyobaki kila mara, na mulete karatasi hiyo siku ya kupanga feza.