Bei hazikai mstari mmoja

Swali: Naandika orodha ya bei kwenye Microsoft Word. Nazipanga kwa kubonyeza spesi, lakini nikichapisha zinapinda. Nifanyeje?

Jibu: Achana na spesi. Herufi hutofautiana upana, hivyo mistari haitalingana. Fungua View, weka tiki kwenye Ruler, kisha chagua orodha yote. Kushoto kabisa mwa rula kuna kisanduku kidogo; kibofye mpaka kioneshe tabo ya kulia, yenye umbo la L iliyogeukia kushoto. Bofya kwenye rula pale bei zinapotakiwa kuishia. Futa spesi zote, kisha bonyeza Tab mara moja kabla ya kila bei. Ukiburuta alama hiyo kwenye rula huku orodha yote imechaguliwa, safu nzima itaifuata. Jizoeze njia hii. Itakuokolea muda mwingi.