Sabuni Mbili Zinapokutana Majini

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa ya kwamba molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, na ya kwamba molekuli hizo zikizidi kiasi fulani hujikusanya katika vifurushi viitwavyo miseli, mikia ndani, vichwa nje. Je, miseli za aina mbili zikikutana majini, zitasaidiana? Si lazima. Pengine aina moja huivunja nyingine kabisa.

Tuchukue sodiamu dodesili salfeti, ambayo hutiwa katika dawa nyingi za meno. Mkia wake una atomi 12 za kaboni, na kichwa chake kina chaji hasi. Katika maji safi yenye nyuzi 25 za Sentigredi, miseli zake huanza kuundwa penye milimoli 8 hivi kwa lita, yaani gramu 2.3.

Ya pili ni poloksama 407, polima yenye mapande matatu. Mapande ya pembeni, kila moja lenye vipande 100 hivi vya oksidi ya ethilini, hupenda maji. Pande la kati lina vipande 65 hivi vya oksidi ya propilini, nalo hukubali maji baridi lakini huyakimbia yakipata joto. Kwa hiyo, kinyume cha tulivyozoea, myeyusho wake wa asilimia 20 humiminika ukiwa ndani ya jokofu, bali huganda kuwa jeli katika joto la mwili, kwa kuwa miseli husongamana hata zisiweze kupishana. Wafamasia huitumia tabia hii kuishikilia dawa mahali pake, kwa mfano kidondani.

Sasa tuongeze salfeti kidogo kidogo. Mikia yake huingia katika kiini cha miseli za polima hata kabla ya kufikia milimoli 8, kwani humo hujificha na maji. Lakini kila mkia huja na kichwa chake, na chaji za aina moja husukumana. Wageni wachache huvumilika. Wakizidi, miseli husambaratika, na kila mnyororo wa polima hubaki peke yake pamoja na molekuli za salfeti zilizoshikamana na pande lake la kati. Jeli hurudi kuwa kioevu, na dawa iliyokuwamo hutiririka.

Mwalimu aweza kuuliza darasani: chumvi ya mezani ingebadili nini? Ioni za sodiamu huzizunguka chaji hasi, na msukumano hupungua.