Usifanye Kazi kwa Saa ya Mwenzako



Mwaka wangu wa kwanza wa falsafa nilikaa chumba kimoja na frateri ambaye usiku kwake ndio mchana. Sisi wengine tukianza kupiga miayo, yeye ndiyo kwanza anawasha taa yake ndogo ya mezani, anafungua notsi za Metafizikia na kupiga msuli hadi saa nane usiku. Kengele ikilia saa kumi na moja na nusu alfajiri anaamka, ananawa uso, anakwenda kanisani mzima kabisa. Na mtihani ukija, anaongoza.

Basi nikajisemea, kumbe siri ni hiyo. Nikaanza kukesha naye. Muhula mzima nilikaa mbele ya kitabu, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili nisisinzie, nikisoma ukurasa uleule mara nne. Asubuhi wakati wa tafakari nilikuwa nasinzia mpaka jirani ananigusa kwa kiwiko. Darasani ulikuwepo mwili tu. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa na sapu mbili, moja ya Mantiki, somo nililokuwa nalipenda kuliko yote. Kwanza nikawaza kwamba sina akili. Halafu, na hili ndilo lililoniumiza zaidi, nikawaza kwamba labda sina wito, maana kama Mungu angekuwa ananiita kweli si angenipa kichwa kama cha yule? Nilishaanza hata kutunga barua ya kuaga.

Nilipomweleza padre mlezi wangu wa kiroho, sikuambiwa niongeze bidii wala nifunge. Aliniuliza tu, "Wewe huwa unaelewa saa ngapi?"

Nikamjibu, "Padre, nasoma kuanzia saa nne usiku."

"Sijakuuliza unasoma saa ngapi."

Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi, kwa sababu naona si la waseminari peke yao. Kila siku mitandaoni kuna mtu anatuambia kwamba waliofanikiwa wote huamka saa kumi alfajiri, au kwamba mtu makini hafanyi kazi huku anaongea, au kwamba bila kuandika malengo ukutani huendi popote. Tunaiga, tunashindwa, kisha tunajihukumu kwamba sisi ni wavivu. Pengine ni wavivu kweli, nitafika huko. Lakini pengine tumevaa kiatu cha mtu mwingine.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba fadhila iko katikati, kati ya kuzidisha na kupunguza, lakini anaonya palepale kwamba katikati hiyo haipimwi kwa rula. Mfano wake ni wa chakula. Tuseme ratili kumi za chakula ni nyingi mno na ratili mbili ni chache mno. Je, mwalimu wa mieleka atawaagizia wanafunzi wake wote ratili sita kwa kuwa ndiyo namba ya katikati? Hapana. Kwa Milo, yule bingwa wa mieleka wa Croton aliyeshinda Olimpiki mara kadhaa, ratili sita ni kidogo. Kwa kijana anayeanza mazoezi ni mzigo. Mwalimu anayeijua kazi yake anamtazama aliye mbele yake. Mimi nilikuwa ndiye huyo anayeanza, nikajipakulia sahani ya Milo.

Bwana wetu naye, katika mfano wa talanta (Mt 25), anatuonesha tajiri aliyegawa tano, mbili na moja akiangalia uwezo wa kila mtumwa. Yule wa talanta mbili alipoleta nne, alisifiwa sawasawa na aliyeleta kumi. Hakuulizwa nyingine sita ziko wapi.

Sasa utaujuaje uwezo wako, na saa yako? Hapa nataka nimlete mzee mmoja ambaye vijana wengi hatumfahamu, Evagrio wa Ponto. Aliishi karne ya nne. Mt. Basili alimpa daraja la usomaji, Mt. Gregori wa Nazianzo akampa ushemasi, na baadaye akaenda kuishi kimonaki katika jangwa la Misri hadi alipofariki mwaka 399. (Yako mafundisho yake ambayo Kanisa lilikuja kuyakataa, lakini aliyoandika kuhusu mapambano ya ndani yalipokelewa, na huku Magharibi yalifika kupitia Yohane Kasiano.) Evagrio anamweleza pepo wa uvivu wa kiroho, ambao kwa Kigiriki huitwa akedia, kuwa ni mzito kuliko wote. Tena anataja na saa zake: anamvamia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane. Msomaji wa Kizungu hapo anahitaji maelezo pembeni, sisi hatuyahitaji, kwa sababu watu wa kale walihesabu saa kama tunavyohesabu, tangu jua linapochomoza. Saa nne ni saa nne.

Basi katika saa hizo mmonaki anaona jua limesimama, kama vile siku ina saa hamsini. Anachungulia dirishani. Anatoka nje kuangalia kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Anatazama huku na huku labda kuna ndugu anapita wapige soga. Mwishowe anaanza kupachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, akiamini kwamba kwingine angefanikiwa zaidi. Badala ya dirisha weka simu, mambo ni yaleyale.

Kilichonishangaza zaidi ni ushauri wake. Anataka mmonaki ayachunguze mawazo yake kwa utulivu: yanazidi nguvu wakati gani, yanapungua wakati gani, lipi linatangulia na lipi linafuata. Kisha amwombe Kristo amweleze maana ya alichokiona. Yaani hakimbilii kujilaumu. Anatazama kwanza, halafu anakipeleka alichokiona kwenye sala.

Mlezi wangu alinipa zoezi linalofanana na hilo. Daftari dogo, siku saba. Kila nikimaliza kipindi cha kazi, niandike nimefanya nini, na akili ilikuwa macho kiasi gani. Wiki hiyo nisirekebishe kitu chochote, niandike tu. Hilo la kutorekebisha ndilo gumu, maana ukijua unaandika unataka kujipendezesha hata mbele ya daftari lako mwenyewe.

Daftari langu lilinionesha nisichokitegemea. Baada ya saa tatu usiku sikuwa nimeelewa kitu kipya hata siku moja kati ya hizo saba. Asubuhi na mapema, kabla kelele hazijaanza, nilikuwa naelewa kwa nusu saa kilichonishinda usiku kwa saa tatu. Mchana baada ya chakula sikufaa kwa kitabu, lakini shambani au kwenye kufua nilikuwa sawa tu. Na jambo ambalo nisingeliona bila kuandika: Mantiki niliielewa siku nilipomwelezea mwenzangu tukipalilia mahindi. Kumbe mimi naelewa kwa kuongea. Nilikuwa najilazimisha kukaa kimya kama yule wa chumbani kwangu, ambaye yeye ukimsemesha anapoteza kila kitu.

Kwa hiyo nikaanza kulala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi, saa moja na nusu kabla ya kengele. Kila jioni baada ya michezo nilitembea na mwenzangu mmoja tukielezana somo la siku. Insha ndefu ndizo zilizobaki tatizo, kwa sababu siwezi kuanza kazi kubwa kama hakuna mtu anayeisubiri. Nikamwomba rafiki anidai kurasa mbili kila Ijumaa, na alinidai kweli, bila huruma. Sapu zote mbili nilizifaulu.

Si wanafunzi tu. Dada mmoja wa VIWAWA, fundi cherehani, nilimweleza zoezi hili naye akalifanya. Akagundua kwamba vitambaa vingi alivyoharibu alivikata jioni, duka likiwa limejaa watu. Ukikosea kushona unafumua, lakini ukikosea kukata, kitambaa cha watu ndiyo kimekwisha hivyo. Siku hizi anakata asubuhi kabla hajafungua mlango, na mchana anashona huku anapiga stori na wateja, maana anasema akikaa kimya mashine yenyewe inamchosha. Saa za kazi hakuongeza hata moja.

Lakini kuna upande mwingine ambao haupendezi. Nilipokwisha kujifahamu, nilianza kuutumia ufahamu huo kama kinga. Zamu ya kuosha vyombo usiku nikamwachia mwenzangu kwa sababu "mimi ni mtu wa asubuhi". Sala ya mwisho wa siku nikaisali kwa kuburuza, kwa sababu hiyohiyo. Na Aristotle, mara tu baada ya mfano wa Milo, anasema kuna mambo ambayo hayana katikati. Anataja uzinzi, wizi na uuaji: hakuna mtu anayezini kwa kiasi, na mwanamke sahihi, kwa saa inayofaa. Nami naona vivyo hivyo kuna wajibu ambao hauulizi mtindo wako. Mgonjwa akikuhitaji saa saba usiku, hiyo ndiyo saa. Marko anamwonesha Yesu akiamka kabla hakujapambazuka ili asali (Mk 1:35). Luka anamwonesha akikesha usiku kucha mlimani kabla ya kuwachagua Mitume (Lk 6:12). Na Nikodemo alipokuja usiku (Yn 3) hakuambiwa arudi kesho asubuhi.

Nitatofautishaje basi mtindo wangu na uvivu wangu? Mt. Thoma wa Akwino anaieleza akedia kuwa ni huzuni, yaani moyo kusikitika mbele ya jema la kimungu ambalo ulipaswa kulifurahia. Maelezo hayo yamenisaidia kupata kipimo cha nyumbani. Kazi nimeisogeza hadi saa yangu nzuri, sawa. Saa hiyo imefika, nimepumzika, kumetulia, na bado naisogeza tena? Hapo tatizo si saa, na daftari halitanisaidia. Hapo naenda kwenye kitubio.

Nimewataja Basili na Gregori. Walisoma pamoja Athene, wakapendana kama ndugu, na Kanisa linawaadhimisha siku moja, tarehe 2 Januari. Lakini kwa kufanya kazi walikuwa mbalimbali kabisa. Basili alikuwa mtu wa kupanga na kujenga: wakati wa njaa karibu na mwaka 369 alifungua ghala na kulisha watu, na nje ya mji wa Kaisaria alijenga makazi ya maskini na wagonjwa. Gregori alipenda ukimya, vitabu na mashairi. Mwaka 372 Basili, akiwa kwenye mvutano wa mipaka na askofu jirani, alimweka rafiki yake kuwa askofu wa Sasima, kituo kidogo cha njia panda chenye vumbi na kelele za magari ya kukokotwa. Kwa Basili ilikuwa hesabu nzuri ya uongozi. Gregori aliumia, hakuhamia huko, na hata katika hotuba aliyoitoa kwa kumbukumbu ya Basili baada ya kifo chake, iliyojaa sifa tupu, bado aliligusia jeraha hilo. Gregori huyohuyo, miaka michache baadaye, akiwa katika kanisa dogo la Konstantinopoli, alitoa hotuba tano kuhusu Utatu Mtakatifu ambazo ndizo hasa zilizomfanya aitwe Mwanateolojia.

Ninaposoma kisa hicho sicheki, kwa sababu nami nilikuwa na Sasima yangu. Likizo iliyopita, nikiwa kwenye kazi za kichungaji parokiani, nilimpa kijana mmoja mkimya kazi ya kusimama mbele kila Jumapili kutangaza michango ya vijana. Niliona namjenga. Jumapili mbili alisimama akitetemeka, ya tatu hakuja, na ya nne pia. Mwenyekiti wa vijana akasema amepoa kiimani. Nikaenda kwao jioni nikamkuta anatengeneza baiskeli ya mdogo wake, vyuma vyote amevipanga juu ya gunia kwa ukubwa wake, hata nati moja haijapotea. Nikamwomba msamaha. Hakusema mengi. Aliuliza kama daftari la mahudhurio na la michango yana mtu. Hayakuwa na mtu, yalikuwa kwenye mfuko wangu, kurasa zimekunjamana, na hesabu ya miezi miwili haikuwa imejumlishwa. Aliyachukua palepale, akafuta mikono yake grisi kwanza.