Cheza Maswali, Uingie Masta: Vidokezo kwa Wanafunzi wa Kalemie

Simu inayokukesheza kwa video inaweza pia kukusomesha. Kama unajiandaa kwa mitihani ya masta, iwe pale Chuo Kikuu cha Kalemie (UNIKAL) au Lubumbashi, jaribu haya.

1. Tunga maswali mwenyewe. Ya kupakua yapo tele, lakini hayamjui profesa wako.

2. Hesabu mega kwanza. Kahoot, ya Norwei, ina muziki, shangwe na saa inayokimbia, ila kila mchezaji lazima awe na intaneti. Chezeni wanne, mchange mega kama mnavyochanga nauli ya boti. Anki haina shangwe hata kidogo, lakini kwenye Android ni ya bure, na kadi zake zinafunguka bila intaneti. Kura yangu naipa Anki.

3. Funika majibu. Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, maana Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari, ilituzoesha kuchagua jibu lililokwisha andikwa. Mchezo utakuuliza: mto gani unatoa maji ya Ziwa Tanganyika? Lukuga! Mtoto wa Kalemie anajibu huku anaogelea. Mtihani wa masta utataka ueleze kwa nini mpelelezi Cameron, mwaka 1874, aliukuta mlango wa Lukuga umezibwa na majani, na kwa nini mpelelezi mwenzake Stanley, miaka 2 baadaye, alishikilia kwamba ziwa bado halijaanza kutokea hapo. Vitufe vya rangi vya Kahoot havitakuokoa. Jieleze kwanza kwa sauti, kisha ndipo ubonyeze.

4. Swali liwe kwa Kifaransa, ubishi uwe kwa Kiswahili. Karatasi itakuja kwa Kifaransa, basi jizoeze maneno yake. Lakini mkibishana na wenzako kwa Kiswahili, mtajua haraka nani ameelewa na nani amekariri.

5. Anza mapema. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi somo fupi. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliwashinda waliosoma mara moja kisha wakajipima. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mtihani, mchezo hautakufaa sana. Lala.

6. Alama za mchezo hazihesabiwi popote. Ukishinda mara tatu mfululizo, maswali yako ni mepesi, badilisha.

Leo jioni andika maswali 10 ya lile somo unalolikimbia.