Kutoka Dulles hadi Silver Spring

Swali: Mama yangu atawasili kiwanja cha ndege cha Dulles akitokea Dar es Salaam kwa njia ya Addis Ababa, nami siku hiyo nitakuwa kazini. Nimpe maelezo gani ili afike kwangu Silver Spring salama?

Jibu: Awali ya yote, ndugu msomaji, mwandikie mama anwani yako katika karatasi, kwani simu isiyo na mtandao haimfai mgeni. Tangu Novemba 2022, njia ya Fedha ya reli ya Metro imefika Dulles penyewe, na kituo chake kimeunganishwa na jengo la abiria kwa ujia wa chini ya ardhi. Basi akiisha kuchukua mizigo yake, na anunue kadi ya nauli ya SmarTrip katika mashine, apande treni iendayo mjini, ashuke Metro Center, na hapo aingie njia Nyekundu iendayo Glenmont, ambayo itamfikisha Silver Spring. Ikiwa mizigo ni mizito, au ni usiku wa manane ambapo treni zimelala, heri teksi ya foleni rasmi, wala asimwitikie mtu amfuataye ukumbini kumnadia gari. Msomee haya yote kabla hajaondoka, kwani mzazi aliyevuka bahari ana haki ya kuijua njia yake kabla ya kuikanyaga.